Sura ya Sita: Tonge Dogo kwenye Sinia la Wengi

Bakuli moja la urojo linatosha kueleza maisha ya mtu aliyefungwa mkanda wa tumbo. Muuzaji wa Mji Mkongwe huanza na vipande vya viazi vya kuchemsha, akaongeza bajia, kachori, yai na nyama ya mshikaki aliyoichomoa kwenye kijiti. Kisha humwaga rojo la manjano lenye ukali wa ndimu na embe, akatia chatini ya nazi na pilipili, na juu kabisa akanyunyiza chipsi za muhogo. Mtu wa kawaida humaliza bakuli hilo wima, akaomba maji, akaenda zake.

Kwa mwenye mkanda, kila kilichomo bakulini kina tabia yake. Rojo hupita bila kizuizi chochote. Kiazi hupita kikishalainishwa na meno. Bajia iliyoloa huteleza, na mafuta yake yote huenda nayo. Nyama isiyotafunwa ikalainika hunasa juu ya mkanda: kifua hubana, mate mazito hujaa mdomoni, na baada ya dakika chache kipande hurudi kama kilivyokwenda. Mtu huyo anaweza kushiba kwa vijiko vitano akila polepole. Anaweza pia kunywa rojo tupu mabakuli matatu asishibe, na mizani isishuke hata kidogo.

Wengi wanaokwenda kufungwa mkanda hawaambiwi hilo mapema, au huambiwa wakiwa hawasikii kwa hamu ya kupungua. Mkanda hauchomi mafuta, wala haukati sehemu ya tumbo. Ni pete ya silikoni inayozungushwa juu kabisa ya tumbo la chakula, ikalifanya liwe kama kibuyu chenye shingo nyembamba. Juu ya pete hubaki kijifuko kinachochukua mililita 15 hadi 30 tu, yaani vijiko viwili vya chakula au pungufu. Ndani ya pete mna mfereji unaojazwa maji ya chumvi ya hospitali. Mrija mwembamba huuunganisha mfereji huo na kijisahani kilichofichwa chini ya ngozi ya tumbo. Daktari akitaka kuikaza pete, hukipapasa kijisahani hicho, akachoma sindano maalumu, akasukuma mililita chache. Mgonjwa huketi, akanywa maji mbele yake, na yakipita vizuri huruhusiwa kwenda nyumbani. Akitaka kuilegeza, huyavuta maji yale kwa njia ile ile.

Kazi hii ina mkono wa mtu wa upande wetu wa Afrika. Mitiku Belachew, mzaliwa wa Ethiopia aliyechunga mifugo utotoni kabla ya kusomea udaktari Ubelgiji, ndiye aliyefunga mkanda wa kwanza unaorekebishika kwa upasuaji wa matundu madogo. Ilikuwa tarehe 1 Septemba 1993, katika mji wa Huy. Kabla yake walikuwapo Wasweden na Lubomyr Kuzmak huko Marekani, waliofunga mikanda ya namna hiyo katika miaka ya 1980, lakini wao walilazimika kulipasua tumbo wazi. Njia ya Belachew ilimwezesha mgonjwa kurudi nyumbani upesi akiwa na makovu madogo, na mkanda ukaenea duniani. Mwaka 2001 mamlaka ya dawa ya Marekani iliuidhinisha. Kufikia 2011, zaidi ya theluthi moja ya operesheni za kupunguza uzito nchini humo zilikuwa za mkanda.

Kisha ukashuka ghafla. Mwaka 2018 ulikuwa umebaki kwenye takribani asilimia 1 ya operesheni hizo. Madaktari walikuwa wamehamia kwenye upasuaji wa kukata sehemu kubwa ya tumbo na kubakisha mfuko mwembamba, kwa sababu unapunguza uzito zaidi na hauhitaji kukazwa na kulegezwa kila mara. Mikanda mingi ilibidi itolewe: mingine iliteleza, mingine ilipenya ukuta wa tumbo, mingine iliwaachia wagonjwa kiungulia kisichopona. Hata hivyo maelfu ya watu duniani bado wanatembea nayo, na masharti yao ya kula hayatofautiani sana na ya mtu aliyekatwa tumbo au aliyewekewa puto tumboni. Wote wamepunguziwa nafasi, na wote wamerudi kwenye jiko lile lile.

Hapa Tanzania, njia iliyozungumzwa sana ni puto. Hospitali ya Taifa Muhimbili, tawi la Mloganzila, ilianza kutoa huduma ya kuingiza puto tumboni kwa kupitia mdomoni, bila kisu. Puto hujazwa maji, likakaa miezi kadhaa, kisha likatolewa. Mwanamuziki Peter Msechu ni miongoni mwa watu mashuhuri waliowekewa na kulisema hadharani, na kwa kufanya hivyo aliwapunguzia wengi aibu ya kuuliza. Profesa Mohamed Janabi, daktari wa moyo aliyeiongoza Muhimbili kabla ya kuchaguliwa 2025 kuwa mkurugenzi wa Shirika la Afya Duniani kanda ya Afrika, aliifanya habari ya sukari, wanga na kitambi kuwa mazungumzo ya daladala na ya barazani. Watu walibishana naye, wakamtania, lakini walimsikia.

Na palikuwa na sababu ya kumsikia. Katika utafiti wa taifa wa afya ya uzazi wa 2010, asilimia 22 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi. Ule wa 2015-16 ulikuta asilimia 28. Mjini Unguja hali hiyo haihitaji utafiti kuonekana. Ukikaa nje ya kliniki ya kisukari asubuhi, ukawatazama kina mama wanavyoshikana mikono kupanda ngazi, magoti yatakueleza.

Mzanzibari anayetaka mkanda au operesheni kubwa huvuka maji. Wengine huenda Dar es Salaam au Nairobi, wengine India. Wenye ndugu Muscat huangukia huko, na huko Ghuba upasuaji wa unene umekuwa jambo la kawaida kiasi kwamba shangazi huja likizo akiwa nusu ya alivyoondoka. Safari hizo ndizo zinazoleta tatizo kubwa litakaloelezwa mbele. Kwanza tuingie jikoni.

Wiki mbili za kwanza baada ya operesheni ni za vitu vya majimaji tu. Wiki ya tatu na ya nne ni za chakula kilichopondwa, ya tano na ya sita za chakula laini, halafu ndipo chakula cha kutafuna. Karatasi wanazorudi nazo wagonjwa kutoka ng'ambo hutaja mtindi, supu ya boga ya kopo, jibini laini na nyama ya bata mzinga. Mtu huzisoma akiwa Michenzani au Jang'ombe, akaona maisha yamemshinda kabla hayajaanza. Lakini hakuna haja ya kuagiza kitu dukani. Pwani hii ina chakula cha kila hatua.

Hatua ya maji: supu ya kuku au ya samaki iliyochujwa na kuondolewa mafuta, chai ya tangawizi au ya mdalasini bila sukari, maziwa yaliyoenguliwa mtando. Hatua ya kuponda: choroko zilizochemshwa zikavurugika, samaki wa kuchemsha aliyechambuliwa miiba yote, na boko-boko. Huyu boko-boko, ngano iliyopikwa na nyama mpaka vikashikana na kusongwa, ni kama aliundwa kwa ajili ya mtu wa hatua hii, mradi samli ya juu isimwagwe na uzito wake ulegezwe kwa supu. Hatua ya laini: yai, changu wa mchuzi mwepesi, mchicha uliokatwa vidogo ukaiva sawasawa, mseto kidogo. Mwili unaopungua unahitaji protini, kiasi cha gramu 60 kwa siku, la sivyo hupoteza misuli pamoja na mafuta na nywele huanza kung'oka kichanani. Kipande cha samaki cha gramu 100 kina takribani gramu 20, yai moja kama 6. Kwa mtu anayeishi mwendo mfupi kutoka soko la Darajani, samaki wa asubuhi ni dawa ya karibu kuliko kopo lolote la unga wa protini.

Baada ya hapo vinakuja vitu vya kutafuna, na hapa kisiwa kina mitego yake. Boflo mbichi hugeuka donge mdomoni na kukwama. Kipande kile kile kikibanikwa kikakauka hupita. Wali wa nazi hushikamana, na wagonjwa wengi huutaja kuwa ndio uliowanasa mara ya kwanza. Pweza, hata wa kupondwa na kuchemshwa vizuri, ni wa kumheshimu. Nyama ya ng'ombe ya pilau ikatwe ukubwa wa ukucha wa kidole kidogo. Muhogo wa kuchemsha una nyuzi. Chapati moto, inayovutika, iache mpaka umezoea.

Kanuni ya maji ndiyo ngumu zaidi kwa watu wetu. Mwenye mkanda asinywe wakati wa kula, na angoje kama nusu saa baada ya kula kabla hajanywa, kwa sababu maji hukisukuma chakula kipite kwenye shingo nyembamba na shibe huondoka nacho. Mtu aliyelelewa kula pilau na gilasi ya sharubati pembeni atajikuta anaitafuta gilasi bila kujua. Baadhi ya familia zimepata njia rahisi: gilasi haiwekwi karibu na sinia.

Sinia lenyewe je?

Kula pamoja kwenye sinia moja kuna adabu zake. Kila mmoja hula upande wake. Nyama huwa katikati, na mwenye mji huimega na kuisukuma mbele ya mgeni. Anayenyanyua mkono mapema huwafanya wenzake nao waone haya kuendelea. Katika mpangilio huo, mtu anayeshiba kwa matonge manne ana kazi nzito kuliko kazi ya tumbo lake. Akisimama, atasemwa chakula hakikumpendeza. Akiendelea kwa kuona haya, chakula kitarudi, na kitarudi mbele za watu. Baadhi ya wagonjwa huishia kula peke yao chumbani, na huo ndio mwanzo wa mambo mabaya mawili: upweke, na kula vitu vitamu kwa siri.

Lipo jambo la kufanya, na linafanyika. Tonge hupunguzwa likawa la ukubwa wa ncha ya kidole gumba. Mkono unabaki siniani, ukichambua samaki wa mtoto aliye jirani, ukirudi kinywani mara moja kwa kila mara tatu za wenzake. Mtu hutafuna mara ishirini na zaidi, husikiliza, huzungumza. Dakika 20 zinapita na sinia linakwisha na yeye yupo. Mama mkwe hakuona kitu. Wengine hufanya vyema zaidi: hulisema wazi siku ya kwanza, mbele ya nyumba nzima, kwamba wamefanyiwa operesheni na daktari amewakataza kula kingi. Katika jamii yetu neno la daktari lina uzito, na bibi aliyekuwa akisukuma mnofu ndiye atakayekuwa mlinzi wa kwanza kusema, "Mwacheni mwanangu, asile kingi, ataumwa."

Kusema wazi kunaokoa pia upande wa pili, ule wa maneno ya mtaani. Unguja, kunenepa kulikuwa sifa na bado ni sifa. Bibi harusi aliyenawiri ni heshima kwa kwao. Mke aliyekonda ni lawama kwa mumewe. Mtu akipungua kilo 15 ndani ya miezi michache, hakuna atakayempongeza kwa kujitunza. Atasikia: "Shoga, mbona hivyo? Una nini?" Asiyeulizwa usoni huulizwa mgongoni, na jibu linalotolewa kwa niaba yake ni ukimwi, kifua kikuu, au mume kaoa mke wa pili. Wapo wanaoamua kula zaidi ili wanyamazishe mdomo wa mtaa. Huo ni ukatili tunaoufanya bila kunyanyua mkono, na tunaufanya kwa watu waliotumia akiba ya miaka ili magoti yao yapone na sukari yao ishuke.

Harusi zipite haraka: kula kitu chepesi nyumbani kabla, kaa karibu na mtu anayejua hali yako, usiguse soda kwa sababu gesi yake huleta maumivu.

Ramadhani haipiti haraka. Madaktari wengi huwataka waliofanyiwa operesheni wasifunge katika miezi ya mwanzo, na wengine husema mwaka mzima au zaidi, mpaka mwili uwe umetulia na mtu aweze kunywa vya kutosha. Dini imempa mgonjwa ruhusa ya kutofunga, lakini ruhusa hiyo na desturi havilingani. Kula mchana wa Ramadhani mbele za watu, hapa kisiwani, ni aibu, na mtu asiyeonekana mgonjwa hatazamwi kwa huruma. Hivyo hujificha, akakosa kunywa, na kukosa maji ndiko kunakowarudisha hospitali wengi.

Anayeruhusiwa kufunga ana hesabu ya kufanya. Tangu adhana ya magharibi mpaka daku kuna kama saa kumi na nusu. Toa usingizi, toa tarawehe. Katika kilichobaki anatakiwa anywe lita moja na nusu hadi mbili, kwa mafunda madogo, bila kuyachanganya na chakula. Basi futari haiwezi kuwa ile ya meza nzima. Tende moja na maji kwanza, taratibu. Aswali. Kisha samaki au supu yenye nyama laini, vijiko vichache. Maji tena baada ya nusu saa, na tena, mpaka tarawehe. Baada ya tarawehe mlo mdogo wa pili, na daku usiachwe. Mihogo ya nazi, ndizi za nazi, tambi za sukari na sambusa zitamtazama usiku kucha. Kijiko kimoja kimoja si dhambi, ila protini itangulie. Mwenye kisukari asifunge siku hata moja kabla ya kuonana na daktari, kwa kuwa dawa iliyopimwa kwa mwili wa kilo 105 inaweza kuiangusha sukari ya mwili wa kilo 85 mpaka mtu akazimia.

Hizo kilo zichukuliwe kama mfano. Mwanamke wa urefu wa sentimita 160 mwenye kilo 105 ana takribani kilo 41 za ziada, ukilinganisha na kilo 64 ambazo ndizo kikomo cha uzito wa kawaida kwa urefu wake. Mkanda ukimwendea vizuri, kwa wastani humwondolea karibu nusu ya ziada hiyo ndani ya miaka miwili, na akabaki na kilo 85 hivi. Bado ni mnene kwa vipimo vya daktari. Utafiti mkubwa wa Sweden ulioanza 1987 uliwafuatilia wagonjwa kwa miaka mingi na kukuta kwamba, baada ya miaka 10, waliofungwa mkanda walikuwa wamepungua wastani wa asilimia 14 ya uzito wao wa mwanzo. Kwa mwanamke wetu ni kilo 15. Kilo hizo zinatosha kushusha presha, kulegeza goti na kumrudishia usingizi. Hazitoshi kumgeuza kuwa msichana wa kwenye picha za matangazo ya kliniki, na anayemuuzia ndoto hiyo anamdhulumu.

Wanaorudisha kilo, mara nyingi hawarudishi kwa wali. Hurudisha kwa vitu vinavyoteleza. Halua huyeyuka ulimini. Kaimati zilizolala kwenye shira, juisi ya miwa ya Forodhani, aiskrimu, tui zito lililobaki kwenye mchuzi, chai yenye vijiko vinne vya sukari mara tano kwa siku: vyote hivi hupita kwenye mkanda kana kwamba haupo. Mtu aliyekazwa kupita kiasi ndiye anayeangukia huko zaidi, kwa sababu samaki na mboga vinamnasa na halua hainasi. Akienda kulalamika kwamba hapungui, huomba akazwe tena, na hali huzidi kuwa mbaya. Mara nyingi dawa yake ni kinyume: kulegezwa kidogo, ili arudi kwenye chakula cha kutafuna.

Na hapo ndipo linapokuja lile tatizo la safari. Mkanda unataka kukazwa kwa mara ya kwanza wiki nne hadi sita baada ya operesheni, na marekebisho mengine kadhaa mwaka wa kwanza. Aliyefungiwa India, tiketi yake ya kurudi ilikuwa ya wiki ya pili. Amerudi Unguja akiwa na pete tumboni isiyo na maji ya kutosha, na hajui nani ataijaza. Mbaya zaidi ni siku mkanda unapoteleza: mtu anatapika kila kitu, hata mate, kwa siku mbili au tatu. Hiyo ni dharura. Maji ya mkanda yanatakiwa yavutwe mara moja, na mtu anayetapika kwa wiki kadhaa anaweza kupungukiwa vitamini B1 kiasi cha kuharibikiwa neva. Boti ya Dar es Salaam huchukua kama saa mbili, na haiondoki usiku wa manane.

Kwa hiyo, msomaji unayefikiria operesheni hii kwa ajili yako au ya mzazi wako, kabla ya kulipa chochote muulize daktari wa huko mambo matatu na uyapate kwa maandishi. Ni mkanda wa aina gani, na umetiwa mililita ngapi? Nani, kwa jina na namba ya simu, ataurekebisha nikiwa nyumbani? Na usiku nikishindwa kumeza maji, niende wapi? Karatasi hiyo ibebwe mpaka kwa daktari wako wa hapa, awe wa Hospitali ya Mnazi Mmoja au wa pengine popote, akuone kabla hujaondoka na wiki ya kwanza ukirudi. Ukikosa jibu la swali la pili, usipande ndege.